Sura Ishirini na Nne za Risasi

Jioni ile nilikuwa natoka posta. Nilikuwa nimepeleka kifurushi cha vijiaskari kumi na viwili vya wapanda farasi kwa mteja wangu wa Leeds, yule anayetaka kila farasi awe na doa jeupe katikati ya pua, na mwaka jana alinirudishia mmoja kwa sababu doa lilikaa upande. Ilikuwa Novemba, saa kumi na nusu, na giza limeshaingia. Nikapitia kununua chipsi na njegere za kupondwa, nikachelewa, maana Glenda wa namba kumi na moja alikuwa kwenye foleni na habari za mchungaji na mwalimu wa kwaya. Habari kama zile huwezi kuziacha zipoe.

Nilipofika nyumbani, mtu alikuwa amesimama langoni kwangu.

Mvua ilikuwa inanyesha. Koti lake lilikuwa kavu.

"Wewe ndiye Noreen Bagguley?" alinong'ona.

"Inategemea nani anauliza, na kama ni wale wanaopita mlango kwa mlango kuuza madirisha."

Hakucheka. Alinuka udongo... ule wa chini kabisa, uliofukuliwa muda huohuo. Mkononi alikuwa na bati la biskuti.

Niseme kidogo kazi yangu, ili tuelewane. Mimi hupaka rangi vijiaskari vya madini ya risasi hapa Bulwell, Nottingham, miaka thelathini na minane sasa. Wanaume wazima wenye ndevu na wajukuu huvipanga mezani, hurusha dadu, hupigana vita vilivyokwisha zamani. Nawacheka, lakini nikiwa jikoni. Mteja huchagua mwenyewe: vanishi ya kung'aa au iliyofifia, kitako cha kusimamia cha nyasi, cha theluji au cha matope, sare mpya au iliyochakaa kwa safari. Mume wangu Clifford hubandika vitako. Mimi napaka. Na incha ya brashi nailamba iwe kali kama sindano, ndivyo alivyonifundisha mama mkwe. Vijana siku hizi wanachovya maji. Mimi nalamba.

"Ishirini na wanne," alisema yule mtu. "Vitako vya matope. Vanishi ya kung'aa."

"Sare?"

"Upendavyo."

"Nyuso? Wapo wanaotaka masharubu."

"Nyuso zitakuja zenyewe." Akainama karibu. "Bado unalamba brashi?"

"Tangu lini ulimi wangu ukakuhusu?"

"Vizuri. Wengi wameacha." Akanipa bati. Lilikuwa baridi hadi mfupani. "Watatu walishindwa kumaliza kabla yako."

Hapo aliniweza. Mtu akiniambia fulani ameshindwa, mimi tayari nimeshavaa aproni.

Clifford alifungua bati, akakigeuza kijiaskari kimoja chini ya taa. "Noreen, hivi havina nyuso."

Kweli. Kijiaskari cha kawaida kina pua, kina mashimo ya macho. Wewe unafuata tu alipopita mchongaji. Hivi vilikuwa laini. Laini kama yai.

"Vimeharibika vilikotengenezwa," akasema. "Mrudishie."

"Mimi sirudishi kazi, mzee."

Nikalamba brashi, nikaanza.

Mkono ulikwenda wenyewe. Mdomo uliopinda, nyusi zilizokutana... mara nikaona nimempaka Desmond, muuza chipsi. Nilicheka hadi Clifford akaja kuangalia. Wa pili akatokea mwalimu wa kwaya. Wa tisa Glenda, na mkuki begani! Nikasema, basi, nimekaa na watu hawa mno, sasa wananitokea vidoleni. Nilifurahi. Kila jioni wawili, watatu. Rangi ilikuwa na ladha ya chuma kilicholowa, nami niliendelea kulamba.

Jumamosi nikaenda kununua chipsi.

"Kama kawaida, Bi Noreen?" akasema mwanamume nyuma ya meza.

"Kawaida ipi, bwana? Wewe mgeni hapa?"

Foleni nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Yule mtu sikuwahi kumwona maishani mwangu.

Nilifika nyumbani, mlango ukagongwa. Mwanamke mnene, mwavuli mwekundu, macho yanamng'aa kwa furaha.

"Shoga! Nina jipya! Nipishe nikae kwanza."

"Samahani, mama. Unamtafuta nani?"

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Kisha midomo ikaanza kumtetemeka, nami nikafunga mlango taratibu, kama unavyomfungia mtu wa dini za kutembeza.

"Noreen," Clifford alisema nyuma yangu, kwa sauti ndogo. "Huyo ni Glenda. Mmewasengenya watu pamoja miaka thelathini."

Ijumaa iliyofuata alinipeleka kwa daktari. Kijana, mikono safi. Akanipa maneno matatu ya kukumbuka, akanichoresha saa. Akasema ni umri.

"Umri?" nikamwambia. "Mwanangu, naweza kukutajia kila aliyeruka ukuta wa jirani pale mtaani tangu mwaka sabini na nne."

"Haya, nitajie."

Nikafungua mdomo. Ukuta niliuona. Ngazi niliiona, na soksi zilizosahaulika kwenye uzio. Mambo yote yalikuwepo.

Wenyewe hawakuwepo.

Tulirudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza yangu ya kazi. Ishirini na watatu walikuwa wamekwisha, wamepangwa, vanishi inang'aa, na hakuna hata mmoja niliyemjua. Clifford akainama, akaanza kuwaonyesha kwa kidole.

"Desmond... Glenda... huyu yule wa kwaya..." Alikuwa anatabasamu. Tabasamu likafa. "Noreen. Umepaka mtaa mzima."

Akafika kwa wa mwisho, mpiga ngoma. Nilikuwa nimemwanza usiku uliotangulia: mdomo nusu, shavu moja, jicho moja.

Akamsogeza kwenye taa.

"Huyu ni mimi," akasema.

Nikageuka kumtazama.

Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwepo. Kovu la wembe, jicho la kijivu, yote.

Upande wa kulia ulikuwa laini.

Kama yai.

Miaka hamsini na mmoja nimelala kando ya mtu yule. Najua anavyokohoa kabla ya kusema uongo. Nikajua pale pale: nikipaka jicho moja zaidi, nikilamba brashi mara moja zaidi, kesho nitaamka kando ya mgeni aliyevaa pajama za mume wangu.

Kengele ya mlango ikalia.

Nje jua lilikuwa linazama. Harufu ya udongo iliingia kupitia tundu la barua mlangoni.

"Noreen, usifungue," Clifford alinong'ona.

"Nitafungua nikiwa tayari. Lete ndoo."

Kila mpaka rangi anayo ndoo ile. Ni dawa kali ya kutolea rangi, unaloweka kilichokuharibikia, unasugua kwa mswaki wa zamani, unaanza upya. Nilimtumbukiza mpiga ngoma kwanza. Kisha nikafagia meza nzima kwa mkono. Chubwi. Chubwi. Chubwi.

Kengele haikulia tena. Alikuwa ameshaingia jikoni.

"Kazi yangu," alisema.

"Inaoga."

Nilikuwa nasugua. Vidole vinaungua, sina glavu. Rangi ilitoka kwa mpiga ngoma kama utando wa maziwa, na nyuma yangu nikamsikia Clifford akivuta pumzi kwa matundu yote mawili ya pua. Kutoka ndani ya ndoo zikaanza sauti. Ndogo, nyingi, kama watu wanaosemana nyuma ya ukuta... psss... psss...

"Tulikubaliana," yule mtu alinong'ona.

"Tulikubaliana vitako na vanishi! Watu wangu sikukuuzia. Desmond!" Jina lilinitoka kama kwikwi. "Glenda! Mchungaji na mwanamke wake! Nimewarudisha, umesikia? Nimewajua hawa kabla koti lako halijashonwa. Toka jikoni kwangu!"

Hakutoka. Alisogea. Akaingiza mkono ndani ya ndoo hadi kiwiko, na dawa haikutikisika. Nikampiga kwa kibao cha kukatia mkate. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, ikawa kama nimepiga nguo iliyoanikwa.

Mkono ukatoka na kijiaskari kimoja. Dawa ilikuwa haijamwingia bado. Macho ya kijiaskari yalimeta.

"Mmoja anatosha," akasema. "Kwa sasa."

Mlango haukufunguka. Lakini hakuwepo.

Tulihesabu. Ishirini na watatu, uchi, laini, risasi tupu. Usiku kucha nilitaja majina ya mtaa, nyumba kwa nyumba, na nyuso zao zikaja zote, pamoja na madhambi yao.

"Amemchukua nani, Clifford?"

Alijua. Niliona katika macho yake yote mawili. Akakohoa.

"Sikumwona vizuri," akasema.

Jumapili mlango ulifunguliwa kwa ufunguo. Mwanamke akaingia, akatundika koti bila kuuliza, akabandika birika. Alikuwa na pua yangu.

"Umeamkaje, No?"

Hakuna anayeniita No.

"Ni Avril," Clifford alisema, anatazama sakafu. "Mdogo wako. Wa tumbo moja."

Nilimtafuta. Nilirudi nyuma hadi chumba chetu cha utoto: kitanda kimoja, mito miwili. Wa pili haukuwa na kichwa. Picha za ukutani zina msichana kando yangu, ameshika mkono wangu, nami namcheka nisiyemjua.

Alilia sana. Nikamwambia aache, maji yanachemka. "Kaa hapo," nikamwambia. "Anza mwanzo. Uniambie yote, na ya aibu usiyafupishe."

Sasa anakuja kila siku. Anadai nilimsukuma ukutani nikiwa na miaka saba. Nikamwambia alete ushahidi, akapandisha sketi, akanionyesha kovu la goti. Ni mcheshi. Anasengenya vizuri kunizidi. Ila mara nyingine hukatika katikati ya neno, akatulia, na macho yake hung'aa kupita machozi... kama ya mtu anayetazamwa kutoka mahali pengine. Namshika mkono, namtikisa kwa nguvu, hadi arudi.

Yule mtu wa koti kavu akitaka kumvuta, atanivuta na mimi. Na mimi ni mzito.

Jana Avril aliniuliza, amesimama mlangoni na koti lake. "Leo umenikumbuka, No? Hata kidogo?"

"Hapana," nikamwambia. "Kesho njoo mapema. Bado hujanimalizia habari za yule mchumba wako wa Skegness."