Vigingi Kumi na Kimoja

Mwili wa kwanza uligunduliwa Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, katika maegesho ya ukumbi wa harusi. Ulikuwa wa mbao. Urefu wake nusu mita, kichwa kimepakwa rangi nyekundu, na sehemu yote iliyobaki ilikuwa imezikwa ardhini kwa heshima zote.

Mita tano mbele yake kulikuwa na wa pili. Kisha wa tatu. Inspekta alihesabu hadi kumi na mmoja, akavua kofia, akafuta jasho, akaivaa tena. Koplo wake, mtu mnene aliyeamini kwamba mkubwa hafanyi jambo bila sababu, naye akavua yake na kusimama kimya.

"Koplo, una nini?"

"Nilidhani tunaomboleza, afande."

Mjini walimwita Inspekta Nukta kwa sababu ya kimo chake. Hakulipenda jina hilo, lakini alijifariji kwamba hakuna sentensi inayokwisha bila nukta, na hakuna kesi ya mji ule iliyokwisha bila yeye.

Kesi yenyewe ilikuwa ya vigingi vya upimaji. Tramu ilifika sokoni miaka mingi iliyopita, ikakaa hapo. Nyongeza ya kutoka sokoni hadi hospitali iliahidiwa katika chaguzi tatu na kuzinduliwa mara mbili, na kufikia sasa utepe uliokatwa ulikuwa mrefu kuliko reli iliyolazwa. Mwaka huu, hatimaye, kazi ilifika kwenye kona ya ukumbi wa harusi. Mpimaji wa jiji akapigilia vigingi kuonyesha reli zitakapopita. Vikahama. Akavirudisha. Vikahama tena. Leo ilikuwa mara ya tatu, na kila vilipohama kazi ilisimama wiki mbili ili madiwani wapate nafasi ya kutukanana.

Wa kwanza kutukana alikuwa mwenye ukumbi, diwani aliyeitwa Kipaza kwa sababu hakuwahi kuhitaji kipaza sauti. Yeye alisema vigingi vinasogezwa na wapinzani wake ili reli imlie maegesho. Wa pili alikuwa mwenyekiti wa kamati ya usafiri, aliyeitwa Hoja kwa sababu alikuwa nayo kila alipoamka. Yeye alisema Kipaza anavisogeza mwenyewe ili mradi uchelewe na lawama zimwangukie mwenzake. Walikubaliana jambo moja tu: mpimaji hafai. Alhamisi baraza lingepiga kura kuuvunja mradi, na kupeleka jina la mpimaji afutiwe leseni. Kijana huyo alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kupima ndicho kitu pekee alichojua kukifanya vizuri duniani.

Inspekta alianza na mlinzi.

"Nani aliingia usiku?"

"Hakuna, afande."

"Ulilala?"

"Nina jipu, afande. Sijaweza kukaa tangu Ijumaa, sembuse kulala."

Koplo aliandika: jipu.

"Na mchana wa jana, Jumapili?"

"Mchana huingia wafanyakazi. Mtu akiwa na kizibao cha rangi ya machungwa na nyundo mkononi, nani anamwangalia usoni?"

Inspekta aliliona jibu hilo kuwa la maana kuliko cheo cha aliyelitoa. Basi uhalifu ulikuwa umefanywa juani, mbele ya mji mzima, na mji mzima ulikuwa umempisha mhalifu.

Alama za vidole hazikupatikana. Mbao ilikuwa na mikwaruzo na rangi mbichi. Nyayo zilikuwa za buti za kazini, zote aina moja. Lakini Inspekta alipiga magoti, jambo ambalo kwake halikuwa safari ndefu, akachunguza vichwa vya vigingi. Kila kimoja kilikuwa na alama tatu za nyundo, zote katikati, bila ufa hata mmoja.

"Mharibifu hapigi nyundo kwa adabu namna hii," alimwambia Koplo.

Mpimaji alihojiwa ndani ya kontena lililofanywa ofisi, chini ya feni iliyobakiwa na panga mbili. Alikuwa amechana nywele na kuvaa shati lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda kufukuzwa kazi na anataka afukuzwe akiwa nadhifu.

"Ulipoviona vigingi asubuhi, ulishtuka?"

"Nilishtuka, afande."

"Hapana. Mtu akishtuka hurudi nyuma. Wewe nilikuona ukivisogelea. Ulivitazama kama mtu aliyemwona ndugu yake stendi. Kwa nini?"

Kijana aliinuka akafunga mlango wa kontena. Kisha alivuta ufunguo uliokuwa shingoni mwake, akafungua kabati la chuma na kutoa mchoro mmoja uliokunjwa. Akaeleza. Huo ndio mchoro wake wa kwanza wa kona hiyo, wenye mpindo wa taratibu, unaopita juu ya maegesho ambayo Kipaza aliyapata kwa kuusogeza ua wake ndani ya ardhi ya barabara. Mheshimiwa alilalamika. Mkuu wa idara akaomba kona ibanwe kidogo. Mpimaji akachora upya, mita mbili na nusu mbali na maegesho, akatia saini.

"Na tramu itaweza kupita kona hiyo iliyobanwa?"

"Itapita, dereva akiwa na bahati na abiria wakiwa wamekaa."

"Siku dereva akikosa bahati?"

Kijana alilainisha mikunjo ya mchoro kwa kiganja.

"Vigingi vya leo vinafuata mchoro gani?"

"Wa kwanza, afande. Vyote."

"Nani mwingine ameuona?"

"Hakuna. Nimeufungia humu tangu siku ile."

"Basi ni wewe."

"Ningekuwa na ujasiri huo, nisingetia saini ule wa pili."

Inspekta alimwamini. Katika miaka kumi na minane ya upelelezi alikuwa amesikia uongo wa kila aina, lakini hakuwahi kusikia uongo unaomwaibisha msemaji kiasi kile.

"Kuna mtu anayeweza kuipata kona hiyo bila mchoro na bila mashine?"

"Hakuna msomi anayeweza."

"Sikukuuliza msomi."

Mpimaji aligeuza macho nje, kwenye genge la mafundi wa reli.

Jumanne Inspekta alishinda na genge la reli. Kwa kuwa kazi ilikuwa imesimama, walikuwa wakipaka mafuta vifaa na kupigilia nguzo za uzio. Aliwatazama wakipigilia. Mmoja alipiga mara tatu. Wa pili mara tatu. Watu wote kumi na wanne walipiga mara tatu, katikati, bila kupasua mbao, kwa sababu wote walifundishwa na nyapara mmoja.

Nyapara huyo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko ya Koplo. Walimwita Mama Timazi, kwa ile timazi ya waashi, risasi inayoning'inia kwenye uzi ikionyesha kilichosimama wima na kilichoinama. Ilisemekana ukuta uliomwona ulijinyoosha wenyewe. Alianza kwenye reli ya kwanza akiwa kibarua wa kubeba kokoto, na sasa alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu. Genge lilimweleza Inspekta kwa majivuno, kana kwamba yeye alikuwa hajui, kwamba kutoka stesheni hadi sokoni ni kilomita tisa na hakuna tramu hata moja iliyowahi kutoka relini. Kuhusu vigingi hakuna aliyejua lolote. Walisema hawajui kwa sauti moja, kama kwaya iliyofanya mazoezi.

Kwa hiyo washukiwa walikuwa kumi na watano, na nyundo haikuweza kuwatenganisha. Inspekta alirudi kituoni akafikiri. Nyundo zilifanana. Kiburi, aliwaza, hakifanani.

Jumatano, saa nne asubuhi, aliwaita wote kwenye kona. Genge lilisimama upande mmoja, madiwani wawili upande mwingine wakitenganishwa na Koplo, na mpimaji peke yake. Inspekta alifungua karatasi, akaomba radhi kimoyomoyo, akasoma kwa sauti kavu.

Uchunguzi, alisema, umekamilika kwa sehemu kubwa. Mhalifu ni mlevi. Hajui kupima, vigingi vyake vinayumba kama mkia wa mbuzi. Yaelekea ni mwanagenzi aliyefukuzwa na fundi wake wiki ya kwanza, na fundi alifanya vizuri.

Genge lilitazama chini. Mtu mmoja alikohoa. Kipaza aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akasema hata kipofu angeona vimepinda.

"Vimepinda wapi?"

Sauti ilitoka nyuma. Haikuwa kubwa.

"Mama, hii ni ripoti ya polisi," alisema Inspekta.

"Ripoti haina macho. Nionyeshe kilichopinda. Kimoja tu."

"Mimi si fundi."

"Basi usiseme."

Mama Timazi alipita katikati ya watu, akatoa mfukoni uzi wa mita kumi na rula ya kukunja. Alimpa Koplo ncha moja aishike kwenye kigingi cha kwanza, akamwambia asitikisike, na Koplo hakutikisika. Ncha ya pili aliivuta hadi kigingi cha tatu. Kisha akaweka rula katikati ya uzi na kupima hadi kwenye kigingi cha pili.

"Arobaini."

Walisogea kigingi kimoja mbele. Uzi ukavutwa, rula ikawekwa.

"Arobaini."

Wakasogea tena. Arobaini. Kufikia kipimo cha tano, genge lilikuwa likisema pamoja naye, kwa sauti ya chini, na Koplo, ambaye aliapishwa kutokuwa upande wowote, naye alikuwa akisema. Vipimo tisa, sentimita arobaini tisa: mpindo uleule mwanzo hadi mwisho. Mlinzi mwenye jipu alipiga makofi, kisha akakumbuka kwamba yuko kazini.

"Mlevi huyo," alisema Mama Timazi akikunja rula, "namtaka kwenye genge langu."

"Nami namtaka," alisema Inspekta. "Ni nani aliyeviweka hapa, Mama?"

"Wewe unadhani mlevi angeweza?"

"Sidhani. Sikudhani tangu Jumatatu. Ndiyo maana nauliza."

Mama Timazi alimtazama Inspekta, akaelewa alivyonaswa, na inasemekana alikaribia kutabasamu.

"Ni mimi."

"Mara zote tatu?"

"Zote tatu. Saa za chakula, na Jumapili mchana. Genge halihusiki. Niliwaambia wasione, hawakuona."

"Kwa nini?"

Alieleza bila haraka. Mchoro uliobanwa ulitoa sentimita hamsini kwa uzi uleule, yaani kona kali zaidi, na reli ya hamsini inalia gurudumu linapopita, na gurudumu linalolia siku moja hupanda juu ya reli na kutoka. Alimwambia mpimaji, kijana akainamisha macho. Alimwambia mhandisi wa mkandarasi. Akaulizwa cheti chake kiko wapi. Aliiandikia kamati ya usafiri barua ya kurasa mbili. Akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa.

Kipaza, ambaye alikuwa ameanza kupiga kelele kuhusu ua wake, alinyamaza ghafla na kumgeukia Hoja kwa furaha. Hoja aliangalia saa. Inspekta alimuuliza kama aliisoma barua hiyo. Aliisoma. Kwa nini aliikalia? Mheshimiwa alisema jambo refu kuhusu wakati mwafaka, na ndani ya jambo hilo refu palikuwa na fupi: alikuwa akiiweka kwa ajili ya kampeni.

"Nimelaza kilomita tisa," alisema Mama Timazi, na sasa hakuwa akizungumza na madiwani. "Nimebakiza kona hii moja, halafu naenda nyumbani. Watu watapita hapa wakienda hospitali, wengine na watoto mgongoni, wengine wamesimama kwa kukosa kiti. Hawatauliza diwani alikuwa nani. Tramu ikipinda, wataishika nguzo wasianguke au hawataishika. Nilitaka wasiishike."

"Mpimaji angenyang'anywa leseni kwa kazi yako."

Hilo lilimpata. Alimgeukia kijana.

"Nilijua utafokewa, mwanangu. La leseni sikulijua. Ningekuja mwenyewe kituoni."

Mpimaji alikuwa tayari ameukunjua mchoro wake juu ya boneti ya gari la polisi. Alisimamisha mashine yake kwenye miguu mitatu, akapima kigingi kimoja baada ya kingine, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Huu ni mchoro wangu wa kwanza," aliwaambia wote. "Mimi ndiye niliyeuacha na kutia saini wa pili. Kesho nitalisema hilo mbele ya baraza. Mama hajawahi kuuona, na vigingi vyake viko juu yake. Tofauti ni sentimita mbili tu, kigingi cha saba, nacho kimesogea mbele kwenye mstari uleule."

"Cha saba kina jiwe chini," alisema Mama Timazi. "Karatasi yako haikuliona."

Alhamisi jioni, maelezo ya mtuhumiwa yaliandikwa kituoni. Koplo alirejea kutoka barazani akihema. Mpimaji alikuwa amesema yote, amepewa onyo la maandishi na kubakiziwa leseni. Reli ingepita kwenye vigingi vilipo. Kipaza alipinga peke yake. Hoja aliunga mkono kwa hotuba ya dakika arobaini, kana kwamba nyundo aliishika yeye.

Mama Timazi alisikiliza, akavuta pumzi, akarudisha macho kwenye karatasi iliyokuwa mbele yake. Alikataa kutia saini.

"Umeandika 'niliharibu'."

"Ndivyo sheria inavyosema, Mama. Kuharibu alama za upimaji."

"Andika nilinyoosha."

"Hakuna kosa la kunyoosha."

"Basi mnanishtaki nini?"

Inspekta alifuta. Akaandika "nilihamisha", neno ambalo hakimu angelikubali na fundi angelivumilia. Mama Timazi alisoma tena, kidole kikifuata mstari, kikasimama.

"Hapa mmesema vigingi kumi na viwili."

"Mwanasheria wa jiji ndiye aliyejaza. Nadhani alipenda dazeni."

"Ni kumi na kimoja. Kile cha kumi na mbili, kilicho mwanzo kabisa nje ya maegesho, penye reli iliyonyooka, sikukigusa."

"Kwa nini hukukigusa?"

Alichukua kalamu mkononi mwa Inspekta, akakata namba hiyo kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika iliyo sahihi, ndipo akatia saini.

"Kile, kijana alikiweka vizuri."