Mkate wa Kabatini

Kila asubuhi chumba cha mbele kilijaa wateja kabla fundi cherehani hajamaliza chai yake. Huyu kaja kupunguziwa gauni, yule anaulizia sketi ya wiki iliyopita, na wengine hawakuwa na nguo yoyote, wamefuata umbea tu. Binti wa fundi alipopita na begi la shule, hawakumwacha salama.

"Kibonge, sare yako itamaliza vitambaa vya watu," mmoja alisema, na chumba kizima kikacheka. Mama yake, fundi mwenyewe, naye alicheka kidogo, maana mteja ni mteja.

Binti akaondoka bila kugusa chai. Shuleni, wenzake walipokula, alijifanya anasoma. Akirudi nyumbani, njaa imemkaba, alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la jikoni. Kipande kimoja tu, alijiambia, lakini mkono haukumsikiliza. Alikula mkate mzima amesimama, haraka haraka, bila hata kusikia ladha yake, huku cherehani ikinguruma upande wa pili wa ukuta. Kisha akalia, akaapa kwamba kesho hatakula kabisa. Kesho ikawa vilevile.

Mama alipoona mikate inayeyuka, hakumfikiria binti, ambaye mbele ya watu hali kitu. Alimfikiria Bibi waliyeishi naye, mwenye ugonjwa wa kisukari na anayependa vitamu. Wateja wakaongeza chumvi: wazee usipowachunga wanarudi utotoni.

"Meno yenyewe mawili," Bibi alijitetea, "mkate mzima nimeutafunaje?"

Watu walicheka, lakini kabati likafungwa kufuli. Binti alijua bisibisi ya cherehani inakaa wapi. Alifungua skrubu za bawaba, akala, akazirudisha. Mama akaamini Bibi ana ufunguo wa siri, akaanza kumpunguzia chakula. Kila jioni binti alitazama sahani ile ndogo ya Bibi, akataka kukiri, kisha akachukua daftari lake akaondoka.

Mchana mmoja alimkuta Bibi ameketi kitandani anatetemeka, jasho linamtiririka, maneno hayaeleweki. Akapiga kelele. Mama akaja mbio, wakamkimbiza zahanati, ambako muuguzi alimnywesha maji ya sukari.

Bibi alipotulia, muuguzi alieleza kwamba sukari yake ilishuka kwa kumeza dawa bila kula vya kutosha. Mama akabisha: huyu anaiba mikate, atakosaje sukari?

"Si Bibi," binti alisema. "Ni mimi. Nikianza siwezi kuacha."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekuambia vipi, Mama? Wakinicheka, na wewe unacheka."

Mama akamvuta karibu. Muuguzi alimuuliza binti taratibu anakula lini, anaruka mlo gani, anajisikiaje baada ya kula, na binti akaeleza yote, hata habari ya kufuli. Kisha akamgeukia mama.

"Mtoto huyu si mlafi. Anajinyima kutwa kwa aibu, halafu mwili unadai vyote kwa mpigo. Kejeli na kufuli havimsaidii. Ale asubuhi, mchana na jioni, pamoja nanyi. Acheze na wenzake. Na kila wiki aje tuzungumze, maana haya yanatibika."

Jioni ile mama aling'oa kufuli. Asubuhi mteja alipoanza, "Kibonge," mama akasimamisha cherehani.

"Humu napima watu nipate kushona, dada yangu, si nipate cha kucheka."

Binti akanywa chai na mkate kwenye meza ya kukatia vitambaa, mbele ya wote. Hata hivyo, siku chache baadaye, mkono ulianza tena kumvuta jikoni. Alisimama mbele ya kabati lisilo na kufuli, kisha akaenda chumba cha mbele.

"Mama, nashindwa tena."

Mama aliacha mshono nusu, akaja kuketi naye jikoni. Bibi naye akajikokota, akasema amefungwa kwa kesi ya mkate huo, angalau leo auonje. Binti akacheka huku machozi yanamtoka.

"Kushindwa si kosa," mama alisema, akimshika ule mkono. "Ila ukishindwa, mwanangu, usishindwe peke yako."