Ngozi ya Kisiki

Jua lilipoanza kuinama, Digrii alitoka na simu kwenda kupiga picha gome la mti. Jina hilo alipewa na shangazi yake. Miaka mitatu ya kutuma CV, miaka mitatu ya "we'll get back to you", na kila asubuhi shangazi mlangoni: "Digrii, umeamka? Au ofisi imefungwa leo?"

Safari hii kazi ilikuwepo. Mteja asiyemjua, jina lake herufi tatu tu, alimtumia mchoro wa kisiki cha kuwekwa kwenye msitu wa gemu ya kompyuta. Akikivisha ngozi kabla ya saa mbili usiku, ameajiriwa. Kisiki chenyewe balaa: kimejikunja, kimejaa mashimo na vifundo, hakina pa kuanzia wala pa kuishia. Kutwa nzima alikichuna kwenye kompyuta kama mbuzi, akitafuta pa kupitisha kisu ili ganda lote lilale bapa kama kitambaa mezani kwa fundi cherehani. Mshono akaupitisha nyuma, pasipoonekana. Ndivyo wanavyofundishwa. Ilibaki picha ya gome ya kuchapa juu yake.

Lakini miti yote ya mtaani walikuwa wameipaka chokaa, na mwanga ulishakwisha. Akarudi mikono mitupu, miguu mizito.

Sebuleni bibi yake alikuwa amesinzia kwenye kochi, mkono juu ya mto. Mkono wa miaka themanini. Mikunjo, mishipa, madoa...

"Samahani, bibi," akanong'ona. Akapiga picha.

Ilikaa. Tena ilijipeleka yenyewe kwenye kila shimo na kila kifundo cha kisiki, bila kuvutwa. Hajawahi kuona picha inatii hivyo. Alikuwa amechoka mno kujiuliza. Akatuma.

Ndipo harufu ikaanza... Mafuta ya mgando anayojipaka bibi. Ilitoka kwenye feni ya laptop.

"Mjukuu wangu," bibi akaita kwa sauti ndogo. "Njoo unikune. Kuna kitu kinapita mgongoni kama uzi."

Akampandisha blauzi. Mstari mwembamba, mwekundu, ulishuka kutoka kisogoni, ukazunguka bega, ukapotelea kwapani. Digrii aliujua. Ulikuwa ule mshono wa kisiki, aliouchora mwenyewe mchana.

Na mkono...

Mkono ulikuwa laini kama sahani. Hauna mkunjo. Hauna mshipa.

"Unakuuma, bibi?"

"Hauniumi. Umenyamaza tu."

Simu ikatetemeka. *Kazi nzuri. Umeajiriwa. Sasa leta uso.*

"Nani huyo?" shangazi akadakia kutoka jikoni. "Usiniambie wamekupata. Nitazimia na sufuria mkononi."

Digrii akarudi chumbani kwenye laptop. Alilifungua tena lile faili, akafuta picha. Ikarudi. Akafuta. Ikarudi. Akaweka picha ya ukuta juu yake, kisiki kikaitema. Akaweka ya zulia, kikaitema.

Miaka mitatu, akawaza. Miaka mitatu, na waliomwita ni hawa.

Akakunja mkono wa shati, akauelekezea simu mkono wake mwenyewe. Akapiga picha.

Ilikaa.

Sebuleni bibi akashusha pumzi ndefu. Mikunjo ilikuwa inarudi, mmoja mmoja, kutoka vidoleni kupanda. Mstari wa mgongoni ukafifia kama alama ya shuka baada ya usingizi.

Simu ikatetemeka tena.

*Ngozi hii bado changa. Si neno. Tutaisubiri ikomae.*

Digrii akazima laptop, akazima na simu. Akajikokota hadi sebuleni, akakaa sakafuni kando ya kochi, kichwa kwenye mto. Bibi, macho yamefumbwa, akanyoosha vidole, akaushika mkono wa Digrii, sasa laini kama sahani. Akaupapasa juu. Chini. Juu tena, polepole, kama mtu anayetafuta swichi kwenye chumba kigeni.

"Mjukuu wangu, uko wapi?"

"Niko hapa, bibi. Umenishika."

 Bibi aliendelea kupapasa.