Mafuta ya Kitandani

Jioni hiyo Dada Brashi alitoka ofisini akijua fika amechelewa. Mama yake alikuwa peke yake kitandani tangu saa kumi, jirani alipoaga kwenda kwake. Angekwenda moja kwa moja nyumbani, haya yote yasingetokea. Lakini chupa yake ya mafuta ya kitani ilikuwa imekauka tangu juzi, na mtu aliyeonja uchoraji humwambii kitu.

Kazi yake ilikuwa ukarani wa masijala, kushinda na mafaili na vumbi. Hilo la Brashi ni jina la majirani. Tangu kiharusi kimpige mama yake, miezi saba nyuma, kila jioni alikaa kando ya kitanda na vibao vidogo vya mbao, vya ukubwa wa kiganja, akichora kwa rangi za mafuta. Hakuwa mtu wa milima na machweo. Alichora kitunguu. Birika. Ufunguo juu ya meza. Ndala iliyokatika. Mama alikuwa amekufa ganzi upande mmoja wa mwili, ila ulimi wake ulibaki mzima kabisa.

"Hicho ni kitunguu au goti langu?" mama huuliza.

"Kitunguu, mama."

"Maskini. Kinaumwa nini?"

Basi walikuwa wakicheka hadi machozi. Baba alishatangulia, ndugu hakuna, mume ndiyo hivyo tena. Huyo mama ndiye mtu wake pekee hapa duniani, na alikuwa ameapa kwamba atampigania hadi asimame.

Duka la rangi alilolizoea lilikuwa limefungwa. Nyuma yake, kwenye uchochoro wa mafundi wa kuchomelea, akaona mlango wa chuma uliovutwa nusu na taa hafifu ndani. Akainama, akachungulia.

Harufu ndiyo iliyompokea. Harufu ya chumba alicholala mgonjwa madirisha yakiwa yamefungwa. Jasho lililopoa... mto usiofuliwa.

Bibi mmoja alikuwa kwenye kigoda akisafisha chupa kwa kidole. Anakiingiza, anakizungusha, anakitoa, anakifuta kwenye sketi.

"Shikamoo, bibi. Natafuta mafuta ya kitani."

"Eh?"

"Mafuta! Ya kitani! Ya kulainishia rangi."

Bibi akategesha sikio. "Ya kitandani?"

Dada Brashi akatazama saa. Mama hajanywa dawa. "Ndiyo, bibi, hayo hayo."

"Ya kitandani," bibi akarudia taratibu. "Una mtu kitandani?"

"Mama yangu. Ndiyo maana nina haraka."

"Aaa. Basi yatapatikana."

Sisi tumesikia. Yeye, na haraka yake, alisikia bibi kiziwi tu. Akapewa chupa yenye mafuta kidogo chini, kiasi cha kidole kimoja, akalipa bila kulalamika maana hakuwa na muda wa kubishana. Alipofika nyumbani na kuiweka mezani, chupa ilikuwa imejaa hadi shingoni. Akasema moyoni kwamba giza la uchochoroni lilimdanganya macho.

Na mafuta yenyewe, loh! Rangi ilikuwa inateleza. Kitunguu cha usiku ule kilitoka na maganda yake, na unyevu wake, mtu angetamani kukimenya. Mama alikitazama kwa muda mrefu bila mzaha wowote.

"Hiki sasa kitunguu," akasema. Kisha akasema anasikia baridi.

Wiki zile Dada Brashi alichora kama aliyerogwa, na pengine tusiseme kama. Birika, ufunguo na ndala, vyote upya. Kikombe chenye ufa. Kiberiti. Sabuni ya kufulia. Chupa haikuisha. Akitumia nusu jioni, asubuhi anaikuta imejaa, ya moto kidogo ukiishika, kama imetoka kwapani mwa mtu.

Lakini vibao vilikataa kukauka. Vilitoa jasho. Alfajiri akivigeuza kutoka ukutani anakuta matone madogo yamejipanga juu ya birika, juu ya ufunguo, na chini ya kila kibao ute wa manjano unaonata. Halafu zikaja nywele. Ndogo, nyembamba, zimekwama kwenye rangi. Mwanzo alidhani ni za brashi, akazitoa kwa kibano moja moja. Brashi yake ilikuwa na nywele za kahawia. Hizi zilikuwa nyeupe. Zikitoka, zilitoka na kishina mwishoni, laini, chenye maji.

Akazitupa, akanawa mikono mara tatu. Kesho yake akachora tena. Ndivyo tulivyo.

Tena alikuwa na tabia moja chafu, tuiseme tu. Ncha ya brashi ikichanua, aliitia mdomoni, akaibana kwa midomo hadi ikae sawa. Fundi aliyemfundisha aligombana naye mpaka akachoka. Zamani ladha ilikuwa ya rangi, chungu. Siku hizi ilikuwa ya chumvi, tena ikawa inampendeza.

Muuguzi wa mtaa alikuja kila Jumanne na mizani yake. Mama alianza na kilo hamsini na moja. Baada ya wiki tatu, arobaini na tano.

"Anakula?"

"Ananishinda mimi."

"Halafu punguza kumpaka mafuta, dada. Ona shuka lilivyo."

Dada Brashi akaangalia. Kwenye shuka palikuwa na doa kubwa la mafuta, lenye mabega, lenye kiuno, lenye miguu miwili. Hakuwa amempaka mama yake mafuta hata tone. Ngozi ya mama ilikuwa kavu, inabanduka vipande vipande ukimgeuza. Alifua shuka lile kwa maji ya moto, likabaki vile vile, na mikono yake ikanuka ule mto usiofuliwa hadi kesho yake ofisini. Karani mwenzake alifungua dirisha.

"Mwanangu," mama alimwambia usiku huo, "mimi naisha kama kipande cha sabuni."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nisiposema sitaisha?"

Wiki ya sita, kilo thelathini na nane. Muuguzi akamvuta Dada Brashi hadi mlangoni, akamwambia kwa sauti ya chini ajiandae. Ajiandae! Alilia chooni, maji yakiwa yamefunguliwa ili mama asisikie.

Jumapili mchana akaona bora amchore mama mwenyewe, maana siku zilikuwa zinakwenda. Si uso, asingeweza. Alichagua mkono tu, ulivyolala juu ya blanketi. Mama alikuwa amesinzia. Dada Brashi akachovya brashi kwenye chupa.

"Mmmh," mama akaguna.

Akapaka. Akachovya tena.

"Mmmh..."

Akasubiri. Kimya. Akachovya kidogo, ncha tu.

"Mmh."

Brashi ikiwa hewani, akautazama ule mkono. Vinyweleo vilikuwa vimefunguka. Kila kimoja kilitoa tone, dogo, la manjano, likavimba, likaungana na mwenzake, yakateremka pamoja hadi kwenye kifundo na kunywewa na godoro. Ngozi iliyobaki nyuma ilisinyaa palepale juu ya mfupa. Na mezani, ndani ya chupa, mafuta yalipanda. Polepole. Yakafika shingoni. Yakatulia.

Ndipo akagundua kwamba brashi ilikuwa mdomoni mwake.

Alikuwa anainyonya.

Alitapika pale pale sakafuni, akatapika tena hadi nyongo, na kilichotoka kilikuwa kinang'aa, kinaelea juu ya uchafu mwingine. Wiki sita. Wiki sita, jamani, mtoto anamla mama yake kwa ncha ya brashi na kusifia ladha! Alisugua ulimi kwa sabuni mpaka ukatoka damu. Kisha akamwomba jirani akae na mama, akakimbia.

Jua lilikuwa linazama alipofika uchochoroni. Bibi alikuwa pale pale na chupa zake.

"Umenipa nini?"

"Ulichoomba."

"Mimi nilisema kitani! Kitani, bibi! Ile mbegu inayokamuliwa!"

"Mimi nilisikia kitandani. Nikakuuliza. Ukasema hayo hayo." Bibi hakukasirika hata kidogo. "Wengi husema hayo hayo."

Dada Brashi akapiga magoti kwenye vumbi la chuma. Akamshika bibi miguu, na miguu ile ilikuwa inateleza, akaiachia haraka. "Nirudishie mama yangu. Nakuomba."

"Mimi sina. Unayo wewe, ukutani kwako. Kwangua, arudishiwe."

"Arudishiwe vipi?"

Bibi akagusa midomo yake mwenyewe kwa kile kidole.

"Na... na yale niliyoyameza?"

Bibi akamtazama mdomo. Akamtazama kwa muda, kama mtu anayekadiria. "Hayo," akanong'ona, "yatajitafutia njia."

Vibao vilikuwa ishirini na vitatu. Alivikwangua vyote kwa kisu cha rangi, akaimimina ile chupa juu yake, akachanganya kwenye bakuli la supu. Uji mzito wa kijivu, wenye nywele. Ulikuwa unatetemeka wenyewe. Alijifunga kitambaa puani, bado akawa anageuza uso kila anapouinua mwiko.

"Mama, fumbua mdomo. Ni dawa."

Mama akafumbua jicho moja. "Dawa gani inanuka kama mimi?"

"Mama, nakusihi."

Kijiko cha kwanza alikitema. Cha pili alikizungusha mdomoni... akameza. Akalamba midomo. Kisha akafumba macho.

"Hiki kitunguu," akasema.

Dada Brashi akaganda.

"Lete. Eh... hii birika. Lete, mwanangu, mbona unazubaa? Huu ufunguo." Anameza, koo linapanda na kushuka. "Ndala. Kiberiti. Lete!"

Na shavu likawa linajaa. Palepale, mbele ya macho yake, nyama ikarudi chini ya ngozi kwa mafungu mafungu, na kusikika ikisikika, kachu, kachu, kama mtu anayetembea kwenye matope. Bakuli lilipoisha mama akaunyosha ule mkono uliokufa ganzi. Akaunyosha mwenyewe! Akachukua kibao kimoja, akakilamba. Akalamba vyote ishirini na vitatu, mbele na nyuma, na alipomaliza akabeua.

"Hakuna vingine?"

"Hakuna, mama."

Mama akamtazama mdomo.

Jumanne muuguzi alimkuta mgonjwa wake amesimama jikoni anaosha vikombe. Alipiga kelele za furaha, akamkumbatia, akampandisha kwenye mizani. Kilo arobaini na nane.

"Bado tatu tu, mama, urudi ulivyokuwa! Na wewe dada, hongera, naona na wewe umenawiri. Uso unang'aa."

Kweli ulikuwa unang'aa. Dada Brashi alikuwa ameunawa mara nne asubuhi hiyo.

Alipaswa kufurahi. Alimpigania mama yake, akampata. Lakini hakuweza kula naye meza moja. Hakuweza kunywea kikombe alichokigusa mama. Mama akipita nyuma yake na kumwekea mkono begani, mkono wa joto, laini, ngozi yote ilimsisimka, na hapo hapo akajichukia kwa sababu ni mama yake, na mkono ndio ule ule uliomlea. Utani nao ulikwisha. Mama hakutania tena. Alikuwa anatazama tu, na kumeza mate.

Siku zikapita, kazini akawa anasinzia juu ya mafaili. Kola za magauni yake zikawa na doa lisilofulika. Jumanne iliyofuata aliamka na homa, miguu haimbebi, akasema atakwenda ofisini hivyo hivyo.

"Kwenda wapi?" mama akasema kwa upole. Alikuwa ametandika kile kitanda cha ugonjwa, shuka jipya, kona zote zimekunjwa vizuri. Akapigapiga mto. "Umeniuguza miezi. Njoo ulale, na mimi nikuuguze."

"Sijachoka, mama."

"Umechoka, mwanangu. Mama yako nakujua."

Basi mtu atamkatalia vipi mama yake? Na kwa maneno gani? Alilala. Mama akamvua viatu, akamfunika, akakaa kwenye kile kiti cha kando ya kitanda.

Mlango ukagongwa. Muuguzi na mizani yake. Dada Brashi alimsikia mama akienda, hatua nyepesi, akifungua kidogo tu.

"Leo usiingie," mama alinong'ona. "Mgonjwa amelala."

"Mgonjwa?" Muuguzi akacheka. "Mgonjwa si wewe?"

"Tumepokezana."

Dada Brashi alitaka kuita. Alifungua mdomo, na mdomo ulikuwa mkavu, midomo inabanduka. Chini ya mgongo wake shuka lilikuwa limeanza kulowa. Akasikia muuguzi akiaga, akisema atapita wiki ijayo, kisha viatu vyake vikishuka ngazi, na mama akirudi kutoka jikoni na kijiko.