Mwenzi wa Safari Ndani ya Simu

"Twende, Mama Sindano."

Maneno hayo yalipotokea kwenye gemu la simuni, fundi cherehani alishtuka, sindano ikamchoma. Aliyekuwa akimwita hivyo ni mtu mmoja tu, bintiye Chiriku, na Chiriku walikuwa wameshamzika.

Gemu lenyewe alipendekezewa na mdogo wake. "Dada, jaribu hili. Unachagua mhusika, unaishi maisha yake, unasafiri porini na wenzako. Litakupunguzia mawazo." Akachagua mpiga upinde, gemu likampa mwenzi wa safari, msichana aliyefunikwa uso kwa kofia.

Tangu siku ile nguo za wateja zilirundikana. Lilikuwa gemu la maandishi matupu, lakini msichana akaanza kutoa sauti, ileile ya Chiriku, yenye kitembe.

"Weka simu chini, mke wangu," mumewe alimsihi. "Aliyekwenda hana simu."

Hakusikia. Mchana mmoja sauti ilimwita kisimani, akaifuata, na kadiri mpiga upinde wake alivyoshuka ngazi za kisima ndivyo chumba kilivyojaa harufu ya udongo mbichi, na ubaridi ukampanda kutoka nyayoni hadi magotini, hadi kifuani, hadi pumzi ikaanza kumkatika, naye bado anatabasamu, bado anashuka.

Mdogo wake ndiye aliyempokonya simu, akakimbilia kumwita bibi mganga.

Bibi alinusa chumba, akanong'ona, "Ni jini, mwanangu. Linakula huzuni. Nitasoma, lakini halitoki mpaka ulikane kwa kinywa chako."

"Nimkane mwanangu?"

"Siye."

Kisomo kilipoanza, simu ilipata moto ikiwa imezimwa. "Mama, huku baridi. Usinifungie nje!"

Mama alijiziba masikio. Sauti ikalia kama Chiriku alivyolia siku ya mwisho, akiwa amemshika kidole. Mama akafumba macho.

"Wewe si mwanangu," akasema. Akarudia, kwa kuwa mara ya kwanza haikutoka vizuri.

Kioo kikapasuka. Harufu ikatoweka. Kukawa kimya, kimya cha nyumba isiyo na mtoto.

Wengine walipoondoka, mumewe alikuja akakaa naye sakafuni. Alikohoa, akatazama pembeni.

"Huko ndani ya simu... aliwahi kuniulizia?"

Lile jini halikumtaja baba hata siku moja.

"Kila siku," mkewe akamjibu, akamshika mkono.