Spana Iliyokatazwa

Duka la vipuri lilifurika kiasi kwamba watu walinunua wasichokihitaji, mradi wafike kaunta. Hapo ndipo dereva wa magari ya mashindano, aliyevaa shati jekundu lililopigwa pasi vizuri kuliko safari yake ilivyostahili, aliposhika kipande cha mwisho cha polikaboneti na kukuta upande wa pili umeshikwa na mwanamke mwenye ovaroli ya buluu na hereni ndogo za fedha.

"Dada, nimetangulia."

"Umetangulia kushika. Unajua ni kitu gani?"

"Plastiki ngumu. Natoa kioo cha mbele cha gari langu, naweka hii. Ni nyepesi, na jiwe likiigonga haivunjiki."

"Na utaifungaje?"

"Kwa bolti, kama kitu kingine chochote."

Mwanamke akaachia. "Chukua. Ukishaiharibu, ulizia fundi vioo. Utaelekezwa kwangu."

Dereva hakusubiri kuiharibu. Alimfuata nje papo hapo kuomba msaada. Mapenzi mengi huanza kwa sababu dhaifu zaidi ya hiyo.

Wiki tatu fundi alifika gereji kila alasiri. Alikitoa kioo cha zamani, akaikata plastiki kwa kipimo chake, akatoboa matundu ishirini na mawili, kila moja pana kuliko bolti yake.

"Matundu makubwa hivi?" dereva alihoji.

"Jua likiwaka, plastiki hutanuka. Ikikosa nafasi, inapasuka. Nati ikigusa tu huu mpira ulio chini yake, simama. Spana usiiguse tena, mpenzi."

"Hata nikikukumbuka?"

"Ukinikumbuka, piga simu."

Alipiga, mara tatu kwa siku. "Kioo kinakusalimu."

"Kiambie nipo kazini."

Jumamosi ya majaribio jua lilikuwa kali. Katika mzunguko wa tatu, nyufa zilichomoza kwenye matundu na kukutana mbele ya macho ya dereva. Alisimamisha gari akiwa mzima, na hasira nazo zikiwa nzima, akatangaza mbele ya madereva wote kwamba yule fundi vioo ni muuaji, asipewe kazi. Kisha ndipo akapiga simu.

"Umenifanyia nini?"

"Hata salamu hakuna?"

"Kioo kimepasuka, tena kwenye matundu yako! Nimewaambia wote wasikupe kazi."

"Umewaambia kabla ya kuniuliza?"

"Ningekuuliza nini? Nyufa naziona!"

Simu ikakatwa.

Kufikia Jumatatu, wateja watatu wa fundi walikuwa wamekuja kuchukua magari yao. Wa nne alimtuma mkewe aseme amesafiri, naye alionekana wazi ng'ambo ya barabara. Karakana aliyoijenga kwa miaka saba ilibaki na ufagio na mwenye ufagio.

Jumanne fundi aliingia gereji bila hereni wala hodi. Mjomba wa dereva, aliyekuwa fundi mkuu pale, alimpisha. Mwanamke akainama, akapapasa mpira mmoja baada ya mwingine. Yote ilikuwa imebanwa ikawa kama karatasi.

"Nani alizikaza nati hizi?"

Dereva akakohoa. "Zilikuwa zimelegea. Asubuhi ile nikazimalizia. Nilidhani umesahau."

"Nimesahau ishirini na mbili?"

"Nati iliyolegea inaua. Mjomba alinilea hivyo."

"Mimi usinitie humo," mjomba akasema. "Nilikulea ukiwa na masikio pia."

"Samahani, mpenzi. Nimekosa."

"Ulinitukana hapa gerejini?"

"Hapana. Uwanjani."

"Basi samahani hii ya gerejini siijui." Akaondoka.

Dereva alimpigia mara kumi na moja, hakupokelewa. Jumapili ya mashindano, fundi alikwenda uwanjani kwa nia moja tu: kuona kwa macho yake gari lile lenye kioo kilichopasuka likizuiliwa kushindana. Akasimama nyuma ya uzio, mikono kifuani. Kwenye kikao cha madereva, yule mwenye shati jekundu, safari hii lenye makunyanzi, aliomba kipaza sauti.

"Jumamosi ya majaribio nilimsingizia fundi vioo. Nati nilizikaza mimi, kwa spana, baada ya kukatazwa. Kazi yake haikuwa na kasoro."

Madereva arobaini wakacheka. Mmoja akadai hakusikia vizuri, dereva akarudia. Kisha akauendea uzio.

"Umesikia?"

"Ya pili ilikuwa bora kuliko ya kwanza."

"Nataka kukuoa."

"Nikiwa na hasira hizi?"

"Nikisubiri upoe, nitazeeka."

Mwanamke akaishusha mikono yake kutoka kifuani.

"Sawa. Nitaolewa nawe. Na hasira ninazo."

"Mpaka lini?"

"Hilo," akasema, "halikuhusu."