Nyasi za Kaburi la Mfalme

Kila jioni akitoka shule, Daon alimpitia bibi yake makaburini, pale katika mji wa Gyeongju, ambako wafalme wa kale wamelazwa chini ya vilima vya nyasi. Bibi Okbun alikuwa mmoja wa akina mama walioajiriwa kung'oa magugu na kupanda nyasi juu ya vilima hivyo. Walirudi nyumbani pamoja, bibi akilalamikia magoti, Daon akimbebea kofia.

Alhamisi darasa la Daon lilitembezwa hapohapo. Mwalimu alipokuwa akieleza habari za mataji ya dhahabu, Daon na rafiki yake Eunsol walinyemelea nyuma ya kilima kikubwa, wakapanda, wakateleza hadi chini wamekalia kipande cha boksi. Raha ilikuwa kubwa kweli, ila nyuma yao nyasi zilichunika na udongo ukabaki wazi.

Kesho yake bibi alirudi uso umemshuka. Msimamizi alimwambia kuwa alipanda nyasi vibaya sehemu ile, na zikibanduka tena atafute kazi nyingine. Daon aliinamia bakuli lake la supu ya mwani. Alitaka kusema, akaogopa, akajidanganya kuwa mambo yatakwisha yenyewe.

Jumamosi walikwenda mlimani kufyeka kaburi la babu, nalo kilima kidogo cha nyasi, kama kila familia kabla ya sikukuu ya mavuno. Bibi alimpa mundu mdogo, akamwambia afyeke pale juu. Daon alisimama tu.

"Panda, mjukuu wangu. Babu yako hang'ati," bibi alimtania.

Daon akaangua kilio. "Bibi, hukupanda vibaya. Ni mimi. Niliteleza na boksi juu ya mfalme."

Bibi aliendelea kufyeka bila kumtazama. Daon aliona afadhali angechapwa.

"Babu yako ana wewe wa kumfyekea," bibi alisema hatimaye. "Mfalme yule hata jina lake halijulikani, amebaki na sisi tu. Jumatatu wewe mwenyewe utamweleza msimamizi. Mimi nitasimama kando."

Jumatatu Daon alikwenda na Eunsol kwa msimamizi, akaeleza yote. Msimamizi alimwomba bibi radhi, kisha akawapa Daon na Eunsol nyasi za kupanda na ndoo ya maji.

Bibi alichuchumaa karibu yao, akigandamiza nyasi kwa kiganja.

"Kuteleza ni utoto," alimwambia Daon. "Ningekusamehe siku ileile. Lakini uliniacha nibebe kosa lako, na huku tunakula meza moja. Hilo usilirudie."